Maji Yalayo Kioo

Kila chombo huaminiwa kwa kile kiwezacho kukihifadhi. Mtungi huaminiwa kwa maji, kibuyu kwa maziwa, na chupa ya kioo huaminiwa kwa karibu kila kitu: siki, mafuta, dawa, hata tindikali ya betri. Walakini iko tindikali moja ambayo kioo hakiiwezi. Mwaka 1771 Carl Wilhelm Scheele, mwanakemia wa Uswidi, alipokuwa akiichunguza aliona kuwa inakila chombo chake mwenyewe.

Jamii ya tindikali hiyo hutumiwa na mafundi wa shanga. Ushanga wa kioo hutoka motoni uking'aa. Lakini wako wapendao ule wenye uso uliofifia, kama shanga za kale zilizofukuliwa Kilwa Kisiwani, au kama kigae cha chupa kilichosuguliwa na mawimbi. Bahari huifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Bifloridi ya amonia iliyoyeyushwa majini huifanya kwa dakika chache.

Bibi mmoja wa Mtoni, katika Wilaya ya Temeke, ni fundi wa kazi hiyo. Huzitunga shanga katika uzi wa nailoni, huvaa glovu za mpira na miwani ya kukinga macho, hukaa uwani penye upepo, kisha huzitumbukiza katika ndoo ya plastiki. Akizitoa na kuzisuuza, huwa kama mwezi nyuma ya wingu jembamba. Maji yaliyobaki hayamwagi, maana yana nguvu ya kutumika tena. Hapo ndipo shida huanza: yatiwe wapi?

Chupa ya kioo yataila; debe la bati yatalitoboa. Plastiki huyastahimili, na plastiki iliyo karibu zaidi na mkono katika nyumba nyingi ni chupa tupu ya maji ya kunywa. Siku moja aliyatia humo, akaiweka dirishani. Adhuhuri mjukuu wake alirudi kutoka chuoni, koo limemkauka, akanyosha mkono.

"Iache, mwanangu! Si maji hayo!"

Mtoto aliirudisha, akatazama chupa, kisha akamtazama bibi yake. "Mbona yamo katika chupa ya maji, bibi?"

Bibi hakuwa na jibu.

Swali lile lilikuwa zito kuliko alivyojua mwulizaji. Tindikali nyingine huunguza papo hapo, na maumivu yake huwa onyo. Hii huweza kupenya ngozi kimya kimya, maumivu yakaja baada ya saa nyingi. Floridi yake huikamata kalsiamu ya mwili, na kalsiamu ikipungua damuni moyo huweza kusimama. Aliyerukiwa hana budi kuoshwa mara moja kwa maji mengi yatiririkayo na kupelekwa hospitali hata kama haumwi. Huko ngozi hutibiwa kwa jeli ya kalsiamu glukoneti. Watu wa Arusha na Meru waijua floridi hata iliyo kidogo katika maji ya visima, kwa namna ilivyotia rangi meno ya watoto wao. Basi hata maji yaliyokwisha nguvu hayafai kumwagwa mtaroni. Mitaro ya Mtoni huteremka kuelekea mto Kizinga na bahari, wala sumu haipotei kwa kuondoka machoni.

Jioni ile bibi alinunua dumu nene la plastiki lenye kifuniko cha kukaza. Aliandika SUMU kwa herufi kubwa nyekundu, na kwa ajili ya wasiojua kusoma akachora fuvu la kichwa. Alilifungia kabatini, ufunguo akaufunga katika pindo la kanga. Ile chupa aliitoboa, isitumiwe tena.

Chombo ni ahadi. Mwenye kiu haulizi kilichomo. Huamini umbo alilolizoea. Bibi alijilinda mikono na macho, akalisahau koo la mtu mwingine. Ufundi haukamiliki shanga zinapokauka, bali pale mtoto anapoweza kunywa salama katika nyumba ya fundi.