Kuupa Mchezo Mgongo

Iowa City ni mji wa chuo katikati ya mashamba ya mahindi ya Marekani, na una Wakongo wengi kiasi kwamba Kiswahili cha Kivu si ajabu kukisikia dukani. Shemeji yangu anakaa mji wa jirani, Coralville. Ndiye aliyenipeleka Kinnick, uwanja wa Chuo Kikuu cha Iowa unaochukua watu karibu 70,000. "Shemeji, usijisumbue na kanuni," aliniambia tukiwa njiani. "Wewe tazama watu."

Alinifaa, kwa sababu mpira wao wa Kimarekani ulinishinda. Robo nne za dakika 15 kila moja zinakula zaidi ya saa tatu, maana saa ya mchezo husimamishwa kila mara. Wanagongana, wanalaliana, wanakaa kikao, wanagongana tena. Watu niliwaelewa mapema zaidi. Kandokando ya Barabara ya Melrose wenye nyumba walikuwa wamegeuza nyasi za mbele ya milango yao kuwa maegesho ya kulipia. Moshi wa nyama ulitanda tangu asubuhi, na vijana walitembea wakitafuna mapaja ya bata mzinga makubwa kuliko mkono wangu. Bibi na wajukuu, wote wamevaa rangi za timu, nyeusi na dhahabu. Ungedhani ni arusi ya ukoo mmoja uliokubaliana sare.

Jina la uwanja lilinivuta kuliko matokeo. Nile Kinnick alitwaa Tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1939. Timu za kulipwa zilimtaka, yeye akaenda kusoma sheria. Vita ilipokuja akawa rubani wa jeshi la majini, na mwaka 1943 ndege yake ikaanguka baharini karibu na Venezuela wakati wa mazoezi. Alikuwa na miaka 24. Sehemu ya kuchezea nayo, tangu 2021, inaitwa kwa jina la Duke Slater, Mmarekani mweusi, mtoto wa mchungaji, aliyeichezea Iowa miaka 100 kabla ya hapo. Inasimuliwa kwamba alipokuwa sekondari, nyumbani waliweza kumnunulia kimoja tu, viatu au kofia ngumu, naye akachagua viatu. Hata chuoni alionekana akicheza kichwa wazi katikati ya majitu yale. Baadaye alikuwa hakimu Chicago. Nilipenda kwamba uwanja huu umewaenzi watu ambao mpira haukuwa maisha yao yote.

Robo ya kwanza ikaisha. Shemeji akanigusa bega: "Simama." Ng'ambo ya jukwaa limesimama jengo refu la vioo, hospitali ya watoto ya chuo hicho, iliyofunguliwa mwaka 2017. Kutoka ghorofa ya 12 wagonjwa na wazazi wao wanauona uwanja wote. Mwaka huohuo shabiki mmoja alipendekeza mtandaoni kwamba watu wawapungie watoto hao mkono, na msimu ulipoanza wakafanya hivyo. Hawajaacha tangu hapo.

Basi uwanja mzima ukaupa mchezo mgongo. Wachezaji, makocha, waamuzi, mashabiki wa wageni waliokuwa wakizomewa dakika chache kabla, kila mtu akainua mkono kuelekea madirishani. Mzee mbele yangu, aliyekuwa amemtukana mwamuzi tangu mwanzo, alipunga kwa mikono yote miwili. Kule juu niliona vivuli vidogo vikijibu. Haikufika hata dakika mbili, kisha wakarudi kugongana, na mzee akarudi kwenye matusi yake.

Nimekuwa nikimfikiria mzee yule. Wema wake haukusubiri roho yake itulie. Ulikuwa na saa yake, mwisho wa robo ya kwanza, timu ikishinda au ikifungwa. Sisi wengi tunangoja kuguswa ndipo tumtembelee mgonjwa, na kuguswa kwenyewe huja tukiwa tumeshachelewa, msibani. Wao wameliweka jambo hili kwenye ratiba, kwa hiyo hata mwenye hasira analitimiza.

Jirani wa shemeji, nesi kwa kazi, jambo hilo halimsisimui. Anasema kupunga ni bure, na matibabu ya Marekani yanafilisi familia. Mkono hautibu saratani. Ni kweli, na suala la bili wabunge wao wasiachwe walikwepe. Ila mtoto aliye dirishani Jumamosi hii hana muda wa kungoja sheria ipite. Waendelee kupunga, na bili zipiganiwe Jumatatu.