Saa ya Japani, Saa ya Daraja Mbili

Mwaka ndio huo unayoyoma, nami bado niko masomoni Japani. Nauli ya kuja Kisii Desemba hii ingemeza karo ya mdogo wangu ya Januari, basi nimebaki.

Sisi waandishi wa programu huchukia sana hesabu za saa za dunia. Lakini hebu tazama hii: Japani iko saa 6 mbele ya Kenya, na saa ya Kiswahili nayo huanza kuhesabiwa alfajiri, saa 6 baada ya usiku wa manane. Kwa hiyo simu yangu ikionyesha 3:00 mchana huku, kwa mama, anayeuza ndizi soko la Daraja Mbili, ni saa tatu asubuhi. Hakuna kujumlisha wala kutoa! Naitazama tu, najua kama ameshapanga mali yake.

Tarehe 31 Wajapani watakula tambi za soba, kisha kuelekea usiku wa manane mahekalu yaanze kugonga kengele, mara 108. Kisii itakuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, watu wakifunga vibanda. Mama anataka nimpigie wakati huo asikie. Nimemwambia kengele ni nyingi, bando itaisha.

"Wewe piga tu."