Kukata Hita Si Kutengeneza Gari

Masika haya hita ya Hilux yangu iligoma kuzima. Kishikio cha dashibodi kilivutwa mpaka mwisho wa baridi, feni ikazimwa, na bado joto lilipanda miguuni. Anayeujua mlima wa kutoka Nyabugogo kuingia mjini Kigali ataelewa adha yake. Injini ya dizeli ya mwaka 1986 ikianza kupanda pale, mvua ikiwa imeshika, ukifungua vioo unalowa na ukivifunga unaiva.

Nilipopiga simu nyumbani Tanga, dawa ilikuwa moja kwa wote: kata mipira miwili ya hita, iunge kwa kipande cha bomba, basi. Hita ya nini, baba, na joto hili? Ndivyo tulivyo kwetu. Hata thamostati tunaing'oa kwa hoja hiyohiyo, halafu tunalalamika kwamba gari linakula mafuta. Injini isiyofikia joto lake huchoma mafuta ovyo na huchakaa mapema, lakini nani anasikiliza?

Nikaenda Gatsata, hapa Kigali, kwenye magereji na maduka ya vipuri. Fundi aliyenipokea ni kijana, na kitu cha kwanza alichofanya kilinifurahisha: hakushika spana. Aliacha injini ingurume, akagusa mipira miwili inayopenya ukutani kuingia ndani ya gari. Yote ilikuwa ya moto. "Muzee, robine haifungi," akasema. Kama koki hiyo ya maji ya hita ingekuwa imefunga, mpira mmoja ungebaki wa baridi, na tatizo tungelitafuta kwenye milango ya hewa nyuma ya dashibodi.

Kisha akaniomba nivute kishikio huku yeye akitazama chini ya boneti. Kebo ilijikunja, mkono wa koki haukusogea. Makosa yakaonekana mawili: klipu inayoshika gamba la kebo ilikuwa imekatika, na koki yenyewe imeshikwa na kutu. Kutu ile imeletwa na maji ya bomba yaliyomiminwa kwenye rejeta miaka nenda rudi. Wengi wetu tunaamini kulanti, kimiminika cha kupoza injini, ni ya nchi za theluji. Kumbe kazi yake nyingine ni kuzuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka, jambo ambalo gari la milimani linalihitaji kuliko yote.

Alizima injini, akasubiri ipoe ndipo akafungua rejeta. Alichomoa kebo, akapulizia mafuta ya kulainisha kutu, akaiacha koki inywe. Baadaye akaichezesha kwa vidole, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Plaizi aliikataa, kwa sababu shingo ya koki ya zamani hukatika, na ikikatika maji yote ya injini yanamwagika. Ilipolegea akafunga klipu mpya, akaweka kishikio kwenye baridi, akahakikisha koki imefunga kabisa, ndipo akakaza kebo. Maji machafu yakatolewa, ikaingia kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Injini ikawashwa koki ikiwa wazi ili hewa iliyonaswa itoke.

Hita sasa inazima, na muhimu zaidi, inawaka. Ukitoka Huye kwenda Rusizi unapita msitu wa Nyungwe, kwenye vilele vinavyozidi mita 2,000. Ukungu unashuka, kioo cha mbele kinaziba, na kitu cha kukikausha ni hiyo hewa ya moto. Hata kwetu, aliyepanda Lushoto alfajiri ya mwezi wa saba hawezi kuniambia kwamba hita ni anasa. Mkoa wa Tanga si pwani ya Raskazone peke yake.

Hapo nifike kwenye linaloniuma. Kila nikitaja ukarabati, huku na nyumbani, naambiwa niuze chuma chakavu. Sheria zetu nazo zinaimba wimbo huo. Kenya haipokei gari lililotumika likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda tangu mwaka 2018 imefunga mlango kwa yenye miaka 15 au zaidi. Naelewa sababu: moshi unaua, na hakuna anayetaka jiji lake liwe jalala la magari ya wengine. Lakini kalenda haijui nani anamwaga oili kwa wakati na nani anasubiri injini igonge. Ukaguzi wa lazima wa hapa Rwanda unapima breki, taa na moshi wa gari lenyewe, na Hilux yangu inapita. Hicho ndicho kipimo cha haki.

Tena tukiyadharau magari ya zamani tunawadharau na mafundi wake. Kijana yule wa Gatsata anajua kusoma ugonjwa kwa kugusa mipira miwili. Ujuzi huo unapatikana kwa kukaa na mitambo inayofunguka, inayotengenezeka, na Afrika Mashariki ina mafundi wa namna hiyo wengi kuliko tunavyowathamini. Tunawalipa kwa kubadilisha vipuri, tunawanyima hela ya kufikiri.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa Tanga na kwingineko, fundi akisema anakata hita, mwambieni kwanza aguse mipira miwili, kisha atazame kebo. Mlipeni kwa muda huo. Na rejeta itieni kulanti.