Mkwaruzo wa Redio

Kwetu Nyololo, pale njia ya Mgololo inapoachana na barabara kuu ya Mbeya, mvua za Desemba si mchezo. Mwaka juzi radi iliua ng'ombe wawili wa jirani yetu, walikuwa wamefungwa chini ya mkaratusi. Kesho yake tukaitwa mkutanoni. Bila kuzunguka sana mtu akatamka jina la bibi mmoja mjane, anayekaa peke yake nyuma ya shamba la misonobari. Eti kaituma yeye.

Nilikuwepo. Kidato cha nne nilikuwa nimekimaliza, fizikia nimepata F. Lakini hata kwa F ile nilijua umeme wa wingu hautumwi na mtu. Tatizo, bwana, fizikia yangu yote niliikariri kwa Kiingereza. Nilitafuta sentensi moja ya Kiswahili ya kusimama nayo mbele ya wazee wale, sikuipata. Nikatazama viatu vyangu. Wiki ile ile bibi akafunga mizigo, akaenda kwa bintiye Makambako.

Sasa naandika riwaya, na bibi yule yumo. Nilipofika sura ya radi kalamu ikakwama. Nikaanza kusoma usiku kwenye simu, huku redio ya marehemu baba ikikwaruza mezani. Ule mkwaruzo ndio ulionivuta, maana kumbe "krraa" huweza kuwa radi inayopiga mahali fulani, hata kama ngurumo yake huisikii.

Radi hutoa mawimbi ya redio. Mengine ya masafa ya chini kabisa hupenya juu, yakaacha hewa tunayovuta na kuingia kwenye plazma, yaani gesi ambayo atomu zake zimenyang'anywa elektroni. Dunia nayo ni sumaku kubwa. Mistari yake hutoka kusini, ikapinda juu ya ikweta, ikashuka kaskazini, na mawimbi yale huweza kuifuata mpaka upande wa pili. Humo njiani ya sauti nyembamba huwa na mbio kuliko ya sauti nzito, kwa hiyo hutangulia kufika, na nzito hufuata: fiiiuuuu, mluzi unaoshuka. Wajerumani waliokuwa wakisikiliza kwa siri simu za adui katika Vita ya Kwanza ya Dunia waliusikia. Ni mwaka 1953 tu ndipo Storey, wa Cambridge, alipoeleza jinsi radi inavyouzaa. Redio ya baba haiwezi kuunasa, nilijaribu bure.

Na elektroni je? Zile zenye nguvu, zilizonaswa na sumaku hiyo, huuzunguka mstari kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi, huku zikikimbia kusini na kaskazini. Zikikaribia dunia sumaku inakaza, zinarudishwa. Kwenda na kurudi haifiki hata sekunde moja! Papo hapo zinasogea mashariki, wakati protoni zinasogea magharibi. Mluzi wa radi ukizikuta, baadhi hukosa njia na kudondoka hewani. Na dhoruba ya jua ikizimwaga nyingi upande wa usiku, kwa kuwa zinaelekea mashariki zinakutana na alfajiri. Huko huamsha mawimbi mengine, ambayo ukiyageuza sauti yanalia kama ndege wa asubuhi. Wataalamu wanayaita kwaya ya alfajiri. Mimi mwandishi nisingethubutu kutunga jina kama hilo, ungesema najidai.

Nilidhani haya ni mambo ya Wazungu na makwao. Kumbe tarehe 15 Novemba 1971 setilaiti ya Marekani, Explorer 45, ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi. Kilo 50 hivi, nusu gunia la mahindi. Ilipita juu ya ikweta, ikipanda hadi kilomita 27,000 hivi, katikati ya elektroni hizo hizo, ikipima chembe, sumaku na mawimbi mpaka mwaka 1974. Ngomeni, kwa wavuvi wanaosema Kiswahili kuliko sisi! Na mimi nilikosa sentensi moja.

Mwezi uliopita nikapanda basi hadi Makambako, redio kwenye mfuko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wewe si wa pale Nyololo? Siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu, bibi."

Akaendelea kuchambua maharage. Nami nikaanza kumweleza, wingu, sumaku, mbuzi na kigingi, mluzi, mpaka Ngomeni. Nilikwama mara nyingi. Kwenye mbuzi akacheka. Mwisho akauliza, "Na hao wenye setilaiti, walimwona anayeituma?"

"Hakuna wa kuonekana, bibi. Ni umeme tu."

"Mimi nalijua hilo. Wale wa mkutanoni umewaambia?"

Nikasema bado. Giza lilikuwa limeingia, nikawasha redio ili nipate pa kutazama. Ikakwaruza.

"Hiyo imepiga wapi?"

"Sijui. Huenda Songea, huenda mbali zaidi."

Nikanyoosha mkono nizime. Akanishika. "Iache."