Ukungu wa Kiang'ombe

Mtu asimamaye karibu na soko la Kiritiri akaelekeza uso wake kaskazini huuona Mlima Kiang'ombe umekaa peke yake juu ya nchi ya Umbeere, kama ng'ombe aliyelala akicheua. Urefu wake ni mita 1,800 hivi kutoka usawa wa bahari. Mimi nilizaliwa chini ya mlima huo, upande wa Siakago, na sasa ni karani wa Serikali hapa Kiritiri. Basi nimeuona karibu kila siku ya maisha yangu. Walakini nilikuwa nimetimiza miaka thelathini na mitano bila kukanyaga kilele chake hata mara moja. Mlima ni kama jirani: kwa kuwa yupo siku zote, mtu haoni haraka ya kwenda kumwamkia.

Kilichonipeleka huko si matembezi ya kujifurahisha. Nyumbani kwetu tunateka maji katika chemchemi ndogo iliyo chini ya mteremko. Nilipokuwa mtoto mtungi wa lita 20 ulijaa kwa muda wa kukoga uso na miguu. Mwezi wa Julai mwaka jana mama aliniambia kwamba maji yamekuwa membamba kama uzi. Nikapima kwa saa yangu, kama desturi ya makarani ilivyo: mtungi ulijaa kwa dakika 34. Nilimwambia mama kuwa ni ule ukame, maana kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hata mwisho wa mwaka 2022 nchi yetu ilikosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo, na ardhi haijasahau. Mama akajibu, "Ukame nimeuona mara nyingi, mwanangu. Wewe nenda juu ukatazame maji yanatoka wapi."

Nilipopata likizo mwezi wa Agosti, nikaondoka Kiritiri asubuhi na mapema pamoja na mtoto wa ndugu yangu, mvulana wa miaka kumi na miwili ambaye shule yao ilikuwa imefungwa. Pikipiki ilitufikisha Siakago, kisha tukashika njia ya miguu. Tulipita katika mashamba yaliyovunwa mtama na pojo, na baadaye katika mashamba ya muguka, yaliyopandwa kwa mistari safi kuliko mahindi ya mtu yeyote. Jani hilo ndilo linalolipa karo za watoto wengi wa Umbeere. Mombasa na Kilifi zilipotangaza kulipiga marufuku mwezi wa Mei 2024, huku kwetu palikuwa kama msiba. Sitaingia katika ugomvi huo, maana mimi silitafuni, walakini karo yangu mwenyewe ililipwa nalo.

Chini ya mlima tulimkuta mzee mmoja mfuga nyuki, ambaye mizinga yake ya magogo inaning'inia katika miti ya mteremkoni. Nilimwamkia kwa heshima nikamweleza haja yangu. Alitazama juu, ambako nusu ya mlima ilikuwa imekwisha kumezwa na wingu, akasema, "Bwana Karani, umechagua siku ambayo mlima haupokei wageni." Lakini alichukua panga lake akatangulia.

Inafaa niwaeleze wasomaji wa mbali habari ya ukungu huo. Miezi ya Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi kwetu. Pepo za kusi hutoka Bahari ya Hindi zikiwa na unyevu, huvuka nyika za Ukambani, na zikifika penye miinuko hulazimika kupanda. Hewa ipandayo hupoa, na ikipoa unyevu wake hugeuka wingu. Juu ya wingu hilo hukaa hewa nyingine yenye joto zaidi, ambayo hulifunika kama kifuniko cha chungu, hata lisiweze kupanda likawa mvua ya kweli. Ndiyo sababu Embu na Meru huweza kukaa siku nzima bila jua na bila mvua ya kumfaa mkulima. Huku kwetu chini jua hupenya mara nyingi ifikapo adhuhuri. Lakini Kiang'ombe umechomoza juu ya tambarare, na wingu lipitalo hujikwaa hapo.

Tuliingia katika wingu hilo yapata saa tatu. Kwanza nguo zilipata unyevu, kisha nyusi, kisha miti ikaanza kupotea mmoja baada ya mwingine. Nilimkumbuka mwalimu wetu mmoja katika shule ya misheni, mtu wa Wales, nchi iliyo upande wa magharibi wa kisiwa cha Uingereza. Yeye alitusimulia kuwa kwao watu hupanda vilima siku za mapumziko, katika ukungu na manyunyu, pasipo mbuzi wa kutafuta wala kuni za kuleta, kisha hurudi nyumbani wakanywa chai na kusema wamepata siku njema. Darasa zima lilicheka. Mlima wao mkubwa, Yr Wyddfa, una mita 1,085 tu. Nasi tulijivuna kwamba Kiang'ombe ungeutazama kwa juu, tukasahau kwamba wao huanza kupanda karibu na bahari nasi huanza tukiwa tumekwisha inuliwa zaidi ya mita elfu moja. Lakini neno moja la mwalimu yule lilinikaa: kwamba ukungu ukikuzingira, simama, na usifuate kijito kwa kudhani kitakutelemsha salama, kwa kuwa maji hayaogopi kuanguka gengeni.

Mzee hakuwahi kufika Wales. Tulipokuwa tumepanda kama saa mbili, nilimgeukia mvulana kumwonyesha nyoka-mti aliyekuwa tawini, nisimwone. Alikuwa hatua kumi nyuma yangu dakika ile ile. Niliita, akajibu, na sauti yake ilitoka kulia. Niliita tena, ikatoka kushoto na chini zaidi. Moyo wangu ulipiga kama ngoma, maana upande ule wa chini nilisikia maji yakianguka. Nilitaka kukimbia, mzee akanishika mkono kwa nguvu nisiyoitazamia kwa umri wake.

"Ukikimbia," alisema, "nitakuwa na watu wawili wa kutafuta."

Kisha akapaza sauti amwambie mtoto akae chini palepale, ashike mti, na aimbe wimbo wowote wa shuleni asinyamaze. Mtoto akaanza kuimba kwa sauti ya kilio. Mzee akaugeuza uso wake polepole, upepo umpige shavuni, akasikiliza; akaondoka upande ambao mimi nisingekwenda kabisa, huku akigonga ubapa wa panga juu ya shina la kila mti apitao ili nami nijue alipo. Nilisimama nimeushika mti kama mtoto mwingine. Sijui ni dakika ngapi, na huo ndio muda pekee wa siku ile ambao sikuutazama kwenye saa. Waliporudi wameshikana mikono, mvulana alikuwa na tope hadi magotini. Alikuwa ameketi hatua nane kutoka ukingo wa genge; mzee alizihesabu.

Tukapumzika hapo. Mzee alituambia kwamba wazee wa zamani waliuhesabu mlima huu kuwa makao ya ngoma. Hizi si ngoma za kuchezwa. Kwa lugha yetu neno hilo ni roho za waliokufa. Kwa masimulizi yao, apandaye kwa adabu hupita salama, lakini achukuaye kitu cha mlima na kutelemka nacho huzungushwa hata jua likatua. Mimi nimelelewa katika dini nami siyashiki mambo hayo. Hata hivyo nilimwona mvulana akiingiza mkono mfukoni kwa siri na kukirudisha chini kijiwe cheupe alichokuwa ameokota.

Kileleni hatukuona chochote. Siku ya jua, alisema mzee, mtu akiwa pale huiona Kirinyaga upande mmoja, na upande wa pili maji yang'aayo ya mabwawa ya Mto Tana, yaliyojengwa tangu lile la Kindaruma mwaka 1968 hata lile la Kiambere mwaka 1988. Sisi tuliona weupe tu, kama watu walio ndani ya yai. Ng'ambo ya Tana ndiko Kitui, ambako Johann Ludwig Krapf alisimama tarehe 3 Desemba 1849 akauona Mlima Kenya kwa kitambo kidogo mawingu yalipofunguka. Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyekuwa mwenyeji wake, alikuwa amekwisha mwambia habari za mlima huo; lakini Krapf alipopeleka habari Ulaya, wenye elimu wa huko walikataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Nikiwa katika ukungu ule niliwahurumia kidogo wote wawili, yeye aliyeona na wao waliokataa.

Sasa nafika penye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Karibu na kilele msitu ungali mnene. Miti ina ukoga wa kijani, kangaga zimeota katika mapaja ya matawi, na nyuzi za kijivu zinaning'inia kama ndevu. Chini ya mti mmoja mkubwa mzee alikuwa ameweka kopo la bati, lile la mafuta ya kupikia, analotumia kupata maji ya kunywa akija kuitazama mizinga. Hapakuwa na mvua, walakini kopo lilikuwa limejaa nusu. Nilipotulia nikasikia kwamba msitu wote unadondosha: tone hapa, tone pale, kutoka kila jani, hata ardhi ilikuwa laini kama sponji.

Hatua arobaini kutoka hapo palikuwa na mahali palipofyekwa, penye visiki na nyasi fupi. Ukungu ulikuwa ule ule, mzito vile vile. Nilitoa kikombe changu cha bati nikakiweka katikati ya uwanda huo, na cha mvulana nikakiweka chini ya mti. Tukala viazi vitamu na kunywa chai, tukangoja saa moja na nusu. Cha mvulana kilikuwa na maji ya kufunika kidole hadi kifundo cha pili. Changu kilikuwa kimelowa kwa ndani, basi. Nilikipindua na hakikutoka tone. Udongo chini ya nyasi zile, nilipoukwangua kwa ukucha, ulikuwa mkavu.

"Wingu hupita tu," alisema mzee. "Pasipo mti halina mahali pa kutua mzigo wake."

Nilimwuliza maji ya chemchemi yetu hutoka upande gani. Hakujibu kwa maneno. Alinyosha panga kuelekea uwanda ule uliofyekwa, na chini yake, ambako mteremko unashuka kuelekea kwetu. Nikamwuliza nani aliyekata. Akasema hakuwaona watu wenyewe, maana walikuja usiku, bali alisikia pikipiki zikishusha nguzo, mwaka ule uliotangulia ugonjwa wa korona. Zilitafutwa sana, alisema, kwa sababu mchwa hawazili upesi.

Niliinama nikatazama kisiki kimoja. Kilikuwa kimekwisha kuwa cheusi, lakini mahali mzee alipokichanja kwa ncha ya panga moyo wake ulikuwa mwekundu wenye mistari. Rangi hiyo naifahamu. Mwaka 2019 nilijenga nyumba yangu karibu na ya mama, nikanunua nguzo kumi na nne kwa kijana mmoja, kwa bei nafuu kuliko ya duka. Sikumwuliza amezitoa wapi. Nilitaka risiti tu, naye akaniandikia juu ya karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Sikumwambia mzee neno. Sijui kama alijua. Alikuwa akinitazama kwa upole, kama mtu amtazamavyo mgeni aliyepotea njia.

Tulitelemka upesi, ukungu ukatuacha kama ulivyotupokea, na chini tukakuta jua linawaka juu ya mashamba kana kwamba huko juu hakukuwa na kitu. Nilimpa mzee shukrani yangu, akakataa fedha akapokea sukari. Aliniambia miche ya miti ya kienyeji iko mitoni, mtu akiitafuta baada ya mvua za Oktoba, na kwamba mmoja katika mitatu hufa usipoukinga na mbuzi. Mvua hizo zilipofika nilipeleka miche ishirini na sita kwenye uwanda ule, mimi na mvulana. Kumi na saba ingali hai.

Lakini jioni ile ya kwanza mama alitungoja mlangoni. Nilimweleza yote, habari za mtoto na genge, habari za kopo na kikombe, na habari za visiki. Alisikiliza hata mwisho, kisha akaegemea mojawapo ya nguzo za baraza yangu, akaipapasa kwa kiganja.

"Siku ile zilipoletwa nilikuuliza zimetoka wapi," alisema. "Ukaniambia unayo risiti."

Nami ninayo hata leo, ndani ya faili.