Daktari Wetu Bado Anaomba Nauli

Wasee, mimi niliacha campo mwaka wa pili, kwa hivyo nikitetea watu wa vitabu jueni silipwi na mtu.

Hesabu ya kuwa daktari wa upasuaji wa jumla hapa Kenya ni hii: shahada ya udaktari miaka 6, mwaka 1 wa intani, halafu miaka 5 mingine. Hiyo 5 unaifanya chuo kikuu kama Nairobi, ama kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji wa kanda yetu chenye makao Arusha, ambacho darasa lake ni hospitali yenyewe, kama Tenwek kule Bomet. Na katikati wengi huajiriwa kwanza, watafute karo.

Binamu yangu ana miaka 31 na bado yuko kwenye hiyo foleni. Mwanzoni kazi yake ilikuwa kushika vyuma vya kufungua tumbo, masaa matatu amesimama, mkono umekufa ganzi, anayekata ni mwingine. Siku alipoachiwa kidole tumbo mwenyewe, mkubwa wake akiwa kando tu, alinipigia saa nane usiku. Hakuwa anajigamba. Aliongea polepole, kama mtu ametoka kanisani.

Sasa mgomo wa 2024. Siku 56. Mkataba wa 2017 ulisema intani apate shilingi 206,000 kwa mwezi, serikali ikaleta 70,000, na huku mitandaoni tukaandika ati madaktari wana tamaa. Tamaa gani, jamani? Kuna wanaosomea upasuaji kwa karo yao wenyewe, wanakesha wodini na mwisho wa mwezi hakuna kitu. Na kidole tumbo chako kikipasuka usiku wa manane, wa kwanza kukupapasa tumbo ni huyo, si profesa. Profesa ataamshwa na simu yake.

Kwetu mimi ndiye huitwa aliyepotea. Lakini muhula huu karo ya binamu ilipopungua, pesa ya video zangu ndiyo iliyojazia, na nauli bado huniomba mimi. Silalamiki. Ni vile tu inachekesha.

Juzi shosho aliniuliza, "Huyu daktari wetu atamaliza lini?"

"Bado miaka miwili, shosho."

Akahesabu kwa vidole, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimekula.