Silinda ya Tatu

Usiku mmoja nalikuwa njiani kutoka Muheza kwenda Tanga, nimempakia jirani yetu aliyeshikwa na uchungu, katika Land Rover yangu ya mwaka 1968. Ghafula injini ikaanza kukohoa na kutetemeka, nguvu zikapungua. Papo hapo nikamkaripia mwanangu: “Umetutilia petroli yenye maji!” Naye akanyamaza.

Nikafunua boneti, injini ikinguruma. Kwa koleo yenye vishikio vya mpira nikachomoa waya za plagi, moja moja, na kuzirudisha. Ya kwanza, injini ikazidi kulegea. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu haikubadili sauti hata kidogo. Basi hiyo ndiyo silinda iliyokufa. Na maji katika petroli yasingalichagua silinda moja tu.

“Baba, tuzime kurunzi,” akasema kijana. Gizani tukaona cheche ya buluu ikirukia chuma: waya ulichubuka pale nilipoufunga mimi mwenyewe kwa uzi wa chuma.

Tukaukata uzi ule, tukauviringishia waya mpira wa baiskeli, tukauweka mbali na chuma. Mtoto alizaliwa hospitalini alfajiri, Mungu ashukuriwe. Mwanangu nalimwomba radhi kabla hatujaondoka pale, mbele ya yule mama, maana mbele yake nalimwaibisha.